Gitaa la Besi na Ngazi ya Do Re Mi: Somo kwa Wanakwaya



Mmeona wenyewe kwamba siku hizi kwaya nyingi hapa Moshi mjini na huku mlimani huimba na magitaa. Kinanda kipo, ngoma zipo, na pembeni karibu na spika kubwa amesimama kijana mmoja aliyeshika gitaa refu la nyuzi nne. Huyo ndiye mpiga besi. Watu hawamtazami sana, maana macho yote huenda kwa yule wa solo. Lakini huyu wa besi akikosea, hata bibi asiyejua muziki atageuza kichwa. Somo la leo ni lake, na pia ni la wale wanaoimba sauti ya nne, kwa kuwa kazi yao ni moja.

Jambo ninalotaka kulionyesha ni hili: mpiga besi asijifunze mahali pa kuweka vidole tu, bali ajue kila noti anayoipiga ni ipi katika ngazi, kama ni do, au fa, au so. Anayejua mahali tu hupotea siku wimbo unapohamishwa. Nalijua hili kwa sababu mimi mwenyewe nilipotea, tena siku isiyofaa kabisa.

Ilikuwa mwezi wa Julai, katika msiba. Mama mmoja aliyeimba alto katika kwaya yetu kwa miaka mingi alikuwa amefariki, na mazishi yakafanyika kihambani, katikati ya migomba, kama ilivyo desturi yetu. Jenereta ilikuwa imewekwa nyuma ya banda la ng'ombe ili isisumbue. Kulikuwa na wimbo alioupenda marehemu, nasi tuliuzoea katika ufunguo wa G. Lakini kwaya ilikuwa imekesha usiku mbili ikiimba, na Julai ya mlimani mnaijua, ukungu tangu asubuhi na baridi ya kuingia mifupani. Sauti za akina mama zilikuwa zimekauka. Mwalimu wetu akageuka akaninong'oneza kwamba tunashusha hadi F.

Nikaona ni jambo rahisi. F iko freti mbili nyuma ya G. Nikarudisha mkono freti mbili, nikaanza. Do ilikuwa sawa. Fa ilikuwa sawa. Ilipofika so, ndipo balaa. Katika G nilikuwa nimejizoeza kuipiga so kwa uzi wa D ulio wazi, bila kushika kitu, kwa kuwa ni rahisi na unalia vizuri. Sasa uzi ulio wazi haurudi nyuma pamoja na mkono. Kwaya iliimba so, ti na re za ufunguo mpya, yaani C, E na G, nami chini yao nikapiga D ileile niliyoizoea. Watu wa sauti ya tatu wakayumba. Wazee wawili wa sauti ya nne wakanyamaza, wakaniangalia. Nami nikaongeza sauti, kama afanyavyo kila mtu anayekosea bila kujua kosa lake liko wapi. Ubeti wa pili mambo yakawa yaleyale. Ubeti wa tatu mwalimu akaninyoshea kiganja ninyamaze, na yule mama akashushwa kaburini kwaya ikiimba bila besi.

Hakuna aliyenilaumu siku ile. Baada ya juma moja hivi, mzee mmoja kati ya wale wawili aliniuliza kwa upole nilikuwa napiga nini pale. Nikamjibu kwamba nilipiga D. Akasema hakuuliza herufi, aliuliza ni ya ngapi katika ngazi. Sikuwa na jibu. Laiti ningejua kwamba D, ambayo ni so katika G, katika F inageuka kuwa la, nisingeigusa.

Besi ndiyo husema wimbo uko wapi

Kabla ya kushika gitaa tufanye jaribio. Mwombe mwanakwaya mmoja wa sauti ya kwanza aimbe do na aishikilie, asiibadilishe. Tuseme do yetu ni C. Wewe piga do chini yake. Utasikia utulivu, kama mtu aliyekaa nyumbani kwake. Sasa yeye akiendelea na do yake ileile, wewe piga fa. Wimbo umetoka nyumbani, umekwenda kwa jirani. Kisha piga la. Ghafla kuna huzuni. Mwimbaji hakusogea hata kidogo, ila kila mtu aliyemo chumbani amesikia mabadiliko matatu, na aliyeyaleta ni wewe.

Sababu yake ni kwamba noti moja huweza kuwa mwanafamilia wa zaidi ya familia moja. Noti tatu zinazolia pamoja kwa upatano wanamuziki wetu huziita kodi (si ile ya mapato, msiogope). Do inapatikana katika kodi ya do-mi-so, katika kodi ya fa-la-do, na katika kodi ya la-do-mi. Masikio ya msikilizaji hungoja noti ya chini kabisa ili yajue ni kodi ipi. Ndiyo maana mpiga solo akikosea noti moja, kosa hupita kama nzi, lakini besi ikikosea, nyumba yote huinama upande mmoja.

Kodi kuu ni tatu: ya do, ambayo ni do, mi, so, ya fa, ambayo ni fa, la, do, na ya so, ambayo ni so, ti, re. Hebu zihesabu. Noti zote saba za ngazi zimo ndani ya hizo tatu, hakuna iliyobaki nje. Kwa hiyo mtu anayejua do, fa na so ziko wapi kwenye shingo ya gitaa anaweza kusindikiza tenzi nyingi sana za kanisani.

Solfa si ya watoto

Vijana wengine hudharau solfa. Husema ni ya shule ya msingi na kwamba mpiga gitaa wa kweli hutumia herufi. Mimi nasema herufi na solfa zina kazi mbili tofauti. Herufi hukuambia mahali, solfa hukuambia ukoo. G ni G popote uendapo, lakini G hiyohiyo ni do katika wimbo huu, ni so katika wimbo ule, na ni re katika wimbo mwingine.

Majina haya ni ya kale. Guido wa Arezzo, mtawa wa Italia wa karne ya 11, aliyatoa katika silabi za mwanzo za mistari ya wimbo wa Kilatini wa kumheshimu Yohana Mbatizaji, kwa sababu kila mstari ulianza noti moja juu ya ule uliotangulia. Wakati ule do iliitwa ut. Katika karne ya 19 huko Uingereza, mwalimu mmoja wa Norwich, Sarah Glover, alibuni namna ya kuandika muziki kwa herufi za majina hayo, naye mchungaji John Curwen akaiendeleza na kuieneza. Wamisionari wakaileta Afrika, na Waafrika wakaishika kwa mikono miwili. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni ya Wamethodisti karibu na Johannesburg, alipotunga mwaka 1897 wimbo ambao tuni yake ndiyo ya wimbo wetu wa Taifa, aliuandika kwa solfa. Basi asiwepo wa kuniambia kwamba solfa ni ya watoto.

Ukipata karatasi ya kwaya yenye solfa ya sauti nne, tazama mstari wa chini kabisa. Huo ni wako. Alama ya nukta mbili hutenga pigo na pigo, mstari uliosimama hufunga kipimo, kistari kilicholala humaanisha shikilia. Kialama kidogo juu ya herufi ni noti ya oktava ya juu, na kikiwa chini ni ya oktava ya chini. Nimewaona wapiga besi wakihangaika kukariri wimbo kwa masikio majuma matatu, ilhali karatasi yenye kila noti yao iko mfukoni mwa mzee anayeimba mbele yao.

Nyuzi nne na utepe wa fundi cherehani

Sasa chukua gitaa. Nyuzi zake ni E, A, D na G, kuanzia ule mnene. Hapa wanafunzi wengi huchanganyikiwa, kwa hiyo nisikilizeni vizuri. Ukilishika gitaa, uzi mnene uko juu, karibu na kidevu chako, lakini kwa sauti ndio wa chini kabisa. Katika somo hili nikisema chini au juu nasema habari ya sauti, si habari ya mahali.

Uzi wa E ukipigwa wazi hutetemeka kama mara 41 kwa sekunde. Wa A ni mara 55, wa D kama 73, na wa G 98. Mwimbaji wa kawaida wa sauti ya nne akishuka hadi mwisho wa sauti yake hufika kama mara 82, yaani E iliyo oktava moja juu ya uzi wako mnene. Kwa hiyo gitaa hili linaweza kutembea chini ya wazee wetu kama msingi chini ya ukuta. Wakati huohuo fahamu kwamba spika ndogo haiwezi kuitoa vizuri sauti ya mara 41. Ukiisikia inakoroma, usiongeze sauti, panda oktava moja.

Gitaa la besi lenyewe si la zamani. Leo Fender wa California alianza kuliuza mwaka 1951. Kabla yake wapiga besi walitumia ala kubwa kama fidla iliyosimama, ndefu kuliko mtu, isiyo na freti, na mpigaji alilazimika kuitafuta noti kwa sikio. Fender aliweka vyuma shingoni ili kidole kiangukapo noti iwe sahihi, ndiyo maana akaliita Precision. Tunamshukuru, lakini nadhani vyuma hivyo ndivyo vilivyotufanya wavivu wa masikio.

Omba utepe wa kupimia kwa fundi cherehani. Pima uzi kuanzia kile kijiti kilicho mwanzo wa shingo hadi kwenye daraja. Magitaa mengi ya besi yana urefu wa kama sentimita 86. Sasa tafuta nusu, yaani sentimita 43. Utakuta uko kwenye freti ya 12, na ukishika hapo unapata noti ileile ya uzi wazi, ila oktava moja juu. Tafuta robo kutoka mwanzo wa shingo, kama sentimita 21 na nusu. Hapo ni freti ya 5. Tafuta theluthi, kama sentimita 28 na nusu na kidogo. Hapo ni freti ya 7.

Uzi wazi ukiuita do, freti ya 5 ni fa, freti ya 7 ni so, na freti ya 12 ni do ya juu. Robo, theluthi, nusu. Zile noti tatu nilizosema ndizo nguzo za kodi zetu hazikuchaguliwa na kamati. Zimo ndani ya uzi wenyewe, na Wayunani wa kale walizijua kwa kugawanya uzi vivyo hivyo. Mimi nilipoonyeshwa jambo hili nilikuwa mtu mzima tayari, na nilipima mara tatu kwa kutoamini.

Freti ya 5 ndiyo inayotumika pia kulinganisha nyuzi. Shika uzi wa E freti ya 5, sauti yake iwe sawa na uzi wa A ulio wazi. A freti ya 5 iwe sawa na D wazi, na D freti ya 5 iwe sawa na G wazi. Siku hizi simu ina programu ya kulinganisha nyuzi, nayo ni nzuri, lakini jizoeze kwa masikio pia. Kihambani wakati jenereta inanguruma, simu husikia jenereta.

Umbo moja kwa funguo zote

Ngazi ya do ina hatua nzima na nusu hatua. Hatua nzima ni freti mbili, nusu ni freti moja. Kutoka do mambo huenda hivi: nzima, nzima, nusu, nzima, nzima, nzima, nusu. Nusu hatua ni mbili tu, kati ya mi na fa, na kati ya ti na do. Juu ya uzi mmoja, uzi wazi ukiwa do, ngazi huangukia freti za 2, 4, 5, 7, 9, 11 na 12. Lipige mara moja hilo ulielewe, kisha uache, kwa kuwa mkono hauwezi kukimbia hivyo katika wimbo.

Njia ya kazi ni kuvuka nyuzi. Weka kidole cha kati kwenye uzi wa E freti ya 3. Hiyo ni G, iite do. Kidole cha mwisho kwenye freti ya 5 ya uzi huohuo ni re. Hamia uzi wa A: kidole cha shahada freti ya 2 ni mi, cha kati freti ya 3 ni fa, cha mwisho freti ya 5 ni so. Hamia uzi wa D: cha shahada freti ya 2 ni la, cha pete freti ya 4 ni ti, cha mwisho freti ya 5 ni do ya juu. Imba majina huku unapiga. Usipige kimya! Asiyeimba jina anafundisha vidole peke yake, na tumeona vidole peke yake vinavyofanya.

Tazama sasa: katika umbo hilo hakuna uzi wazi hata mmoja. Kwa hiyo linahama. Peleka mkono wote mpaka do iwe freti ya 5, uko katika A. Freti ya 8, uko katika C. Vidole ni vilevile, majina ni yaleyale.

Kwa nguzo zetu tatu kuna njia fupi zaidi. Do ikiwa kwenye uzi wa A, fa iko freti ileile kwenye uzi wa D, na so ya chini iko freti ileile kwenye uzi wa E. Kwa mfano do iwe C, uzi wa A freti ya 3. Fa ni uzi wa D freti ya 3. So ni uzi wa E freti ya 3. Chuma kimoja, nyuzi tatu. Do ikiwa kwenye uzi wa E, fa iko freti ileile kwenye uzi wa A, na so iko freti mbili mbele ya fa. Basi. Aliyeshika haya mawili anaweza kuanza kusindikiza Jumapili ijayo.

Turudi kaburini. Katika G, do ni uzi wa E freti ya 3, fa ni uzi wa A freti ya 3, so ni uzi wa A freti ya 5. Ukishusha hadi F, do ni freti ya 1, fa freti ya 1, so freti ya 3. Zote zimerudi freti mbili. Kama ningalijifunza so yangu katika freti ya 5 badala ya uzi wazi, mkono ungeirudisha wenyewe nisijue hata kama nimeponea chupuchupu.

Sisemi uzi wazi ni dhambi. Una sauti nzuri, na hukupa nafasi ya kuhamisha mkono. Ila uujue jina lake katika kila ufunguo. Uzi wa D ulio wazi ni do katika D, re katika C, fa katika A, so katika G, la katika F. Nawashauri muandike hayo kwenye kijikaratasi na kukibandika nyuma ya gitaa mpaka yaingie kichwani.

Mwenzake do, na ile mi ya hatari

Ukiwa na noti ya kodi, mwenzake wa kuaminika ni noti ya tano kutoka kwake. Mwenzake do ni so, mwenzake fa ni do, mwenzake so ni re, mwenzake la ni mi. Kwenye shingo umbo lake ni moja daima: nenda uzi unaofuata kwa juu, mbele freti mbili. Ni ti peke yake isiyofuata sheria hii ndani ya ngazi, nayo tuiache kwa leo.

Noti ya tatu ndiyo yenye hatari. Kutoka do hadi mi ni freti nne, na hiyo ndiyo furaha ya kodi. Kutoka la hadi do ni freti tatu, na hiyo ndiyo huzuni yake. Freti moja tu ndiyo inayotenga furaha na huzuni. Basi kama huna hakika kwaya inaimba ipi, piga noti ya kodi na mwenzake wa tano, ile ya tatu waachie waimbaji. Wao wanaijua.

Majirani zetu Walutheri wana jambo la kutufundisha hapa. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, baada ya wale wa CMS kuondoka Moshi mwaka uliotangulia, na katika sharika nyingi za mlimani kumekuwa na vikundi vya tarumbeta. Ukiwa harusini na tarumbeta zinapita, acha kusikiliza zile ndogo zinazokwenda mbio. Sikiliza lile kubwa la chini. Halina pumzi ya kuchezea, kwa hiyo hupiga noti ya kodi, mara nyingi na mwenzake wa tano, na kupumzika. Wimbo wote husimama juu yake.

Fanya vivyo hivyo. Wimbo wa mapigo manne: noti ya kodi pigo la kwanza, mwenzake wa tano pigo la tatu. Wimbo wa mapigo matatu: piga la kwanza, mengine mawili iache noti ife yenyewe. Mara nyingi kodi hubadilika kwenye pigo la kwanza la kipimo, kwa hiyo pigo hilo usilikose hata kama umekosa mengine yote. Mapambo ya rumba na dansi tunayoyapenda yatakuja baadaye. Kuhusu ukubwa wa sauti nina neno moja tu: ukiwa huwasikii wazee wa sauti ya nne, wewe ndiye uliyezidi.

Mazoezi bila umeme

Umeme ukikatika msiweke gitaa kando. Gusisha kichwa cha gitaa kwenye meza au mlango wa kabati, kisha piga. Mbao zitalia, na utasikia vizuri kabisa. Au inama uweke taya juu ya pembe ya gitaa, sauti itapita mfupani. Mimi nilijifunza sehemu kubwa ya haya kwenye mlango wa stoo ya mahindi.

Kwa juma hili fanyeni hivi. Chagua wimbo mmoja unaoujua sana, usio na kodi zaidi ya tatu. Siku ya kwanza uimbe ukitaja do, fa au so mahali besi inapobadilika, bila kugusa gitaa. Siku ya pili upige katika C. Siku ya tatu katika D, ya nne katika G, ya tano katika F. Siku ya sita mwombe mtu mwingine ataje ufunguo wowote bila kukuonya mapema, halafu uanze papo hapo.

Na haya ni maswali manne ya kujipima. Yajibuni kabla ya kutazama majibu.

Do iko uzi wa A freti ya 5. Fa na so ya chini ziko wapi? Do iko uzi wa E freti ya 4. So iko wapi? Katika ufunguo wa C, uzi wa G ulio wazi ni nani? Kwaya inashuka kutoka A hadi G, na wewe ulikuwa unapiga do kwa uzi wa A ulio wazi. Utafanya nini?

Majibu: La kwanza, fa ni uzi wa D freti ya 5, so ni uzi wa E freti ya 5. La pili, uzi wa A freti ya 6. La tatu, ni so. La nne, uache ule uzi wazi, maana sasa ni re, na uichukue do kwenye uzi wa E freti ya 3.